Kikohozi cha Siku za Kazi

Jambo la kwanza lililomtia Bi Vuta shaka lilikuwa Jumapili. Siku ya Jumapili shemeji yake hakohoi. Anakaa sebuleni kwake, amekunja miguu, anakunywa chai, anacheka na watoto, kifua kimetulia tuli. Jumatatu akienda kazini, ikifika saa nne kikohozi hicho. Jumanne kinazidi. Ijumaa anarudi nyumbani ameshika mbavu kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Ikifika Jumapili, kimya tena. Sasa ni ugonjwa gani huo, aliwauliza wenzake wa hospitali, unaojua kusoma kalenda?

Bi Vuta halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa jina la korido. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yake ilikuwa kupima pumzi za watu, katika chumba cha tatu kushoto ukishapita maabara ya damu, na sauti yake ilikufikia kabla hujauona mlango. Vuta, vuta, vuta, bado, bado, mpaka mwisho, haya puliza! Watu waliokuja kupimwa macho chumba cha jirani walijikuta nao wanavuta. Mlinzi wa getini alikuwa akisema kwamba kila akipita korido ile hutoka na kifua kipana kuliko alichoingia nacho. Mwenyewe alilijua jina lake na hakulichukia. Mtu asiyevuta na kupuliza kwa nguvu zake zote anaidanganya mashine, na kama kulikuwa na kitu ambacho mama huyu hakukivumilia duniani, ni kudanganywa. Mumewe alimdanganya mara moja tu, na tangu hapo akawa mumewe wa zamani.

Shemeji mwenyewe alikuwa mume wa mdogo wake wa mwisho, mkandaji katika kiwanda cha mikate. Miaka kumi na moja alikuwa akibeba magunia ya unga, akiyapasua juu ya mashine ya kukandia na kuyamimina, huku vumbi jeupe likimfunika mpaka kope. Wawili hawa walikuwa watani wakubwa. Yeye alimwita Bi Vuta "mke wangu mkubwa," naye Bi Vuta alimwita "bwana harusi wa unga," na ilikuwa haipiti sikukuu bila nyumba nzima kucheka kwa ajili yao. Kikohozi kilipoanza, mwaka uliopita, msimamizi wa kiwanda alimpa sharti lililo wazi. Alete karatasi ya hospitali. Ikisema ana pumu, atatolewa kwenye unga awekwe kwenye kufunga mikate, chumba kisicho na vumbi. Ikisema hana, arudi kwenye mashine yake, na siku atakayotaja tena habari za kifua akatafute kazi kwingine.

Bi Vuta alimpima mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine amguse, maana hakumwamini mtu mwingine. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza. Mtu anavutishwa mvuke wa dawa inayochokoza njia za hewa, kwanza kidogo, halafu zaidi, halafu zaidi tena, na kila baada ya kiwango kimoja anapuliza kwenye mashine. Njia za hewa za mtu mzima wa afya hazijali uchokozi huo. Za mwenye pumu zina hasira za karibu. Zinajikunja, na mpulizo wake unashuka. Ukishuka kwa sehemu moja kati ya tano, basi, kipimo kinasimamishwa na jibu limepatikana.

Wa shemeji haukushuka. Bi Vuta alimpandisha viwango vyote, akimsimamia kwa sauti yake ileile, vuta mpaka mwisho, shikilia, achia, mpaka mvuke mkali kuliko wote ukaisha na mpulizo uko palepale. Akaandika kwa mkono wake kwamba njia za hewa ni nzima. Daktari akatia sahihi. Shemeji aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akasema neno moja tu.

"Shemeji, mashine yako haijawahi kuniona nikiwa kazini."

Njia ya mwongo ni fupi, Bi Vuta alimwambia mdogo wake jioni ile. Mdogo wake alilia kidogo, kisha akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Alimpenda mumewe, lakini huyu alikuwa dada yake aliyemlea, na juu ya hayo ndiye mwenye mashine. Nani angebishana na mashine? Tangu siku hiyo hakumkanda mumewe kifua wala kumchemshia maji. Na haikupita wiki mbili kikohozi kikatoweka nyumbani. Bi Vuta alicheka alipoambiwa. Bidhaa imekosa mnunuzi, alisema, muuzaji amefunga duka. Mdogo wake akaongeza kwamba cheti kile kimemnyoosha mtu hasa: siku hizi hata maji anachota mwenyewe, kila jioni anachukua ndoo anakwenda kwenye tangi nyuma ya nyumba bila kutumwa.

Kitu kimoja tu kilimkera Bi Vuta. Utani ulikufa. Shemeji alimwamkia kwa adabu zote, akamkaribisha kiti, akamwita "shemeji," basi. Mke mkubwa alikuwa ameachwa bila talaka.

Miezi miwili baadaye daktari wa mapafu, mtu mpole mwenye miwani inayomteleza puani, aliwaita wapimaji ofisini na kuwaambia kuna utafiti. Walitaka kulinganisha vipimo viwili vya uchokozi kwa watu wenye pumu na wenye mzio. Kimoja ni kile cha mvuke, cha Bi Vuta. Kingine ni kipya: unga mkavu, mtamu kidogo, unaowekwa kwenye kapsuli, kapsuli inatobolewa ndani ya kifaa kidogo na mtu anauvuta moja kwa moja. Watu thelathini na wawili wangepimwa kwa vyote viwili, siku tofauti, bila kutumia pampu zao za pumu kwanza na bila kunywa kahawa, ili ijulikane kipimo kipi kinamwona mgonjwa na kipi kinampita. Daktari aligawa karatasi za maelekezo, kurasa sita kila mmoja. Bi Vuta alitia sahihi ukurasa wa mwisho bila kufungua wa kwanza. Mvuke alikuwa akiuendesha miaka sita. Nani angemfundisha yeye kupumua?

Unga hakuupenda tangu siku ulipofika. Ulikuja kwenye maboksi yenye picha ya mwanamke anayetabasamu, na Bi Vuta alitaka kujua anatabasamu nini. Watu wenye pumu aliowajua yeye hawakuwa na meno mengi hivyo ya kuonyesha. Watu wa kampuni waliouleta waligawa kalamu na kalenda, na mtu anayekugawia kalamu, aliwaonya wauguzi, anataka uandike kitu.

Zaidi ya unga, hakumpenda aliyekabidhiwa huo unga. Huyu alikuwa mpimaji mgeni, amehamishwa kutoka hospitali nyingine, mwanamume wa makamo aliyetembea bila viatu vyake kutoa sauti na kuzungumza kwa sauti ya chini, mpaka umsogelee ndipo umsikie. Korido, ambayo haikosi jina la kumpa mtu, ilikuwa imeshamwita Polepole. Alikuwa na heshima, alimwita Bi Vuta "dada," alimfungulia mlango. Hayo yote Bi Vuta aliyaweka kwenye hesabu ya ubaya. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Majibu ya wiki tatu yakampa haki, au ndivyo alivyoona. Daktari aliandika ubaoni: unga umewakamata watu kumi na tisa, mvuke umewakamata kumi. Watu tisa walitoka chumbani kwa Bi Vuta wakiwa wazima, wakaingia kwa Polepole wakatoka wagonjwa. Daktari alijikuna kichwa, akasema vitabu vinasema kinyume chake, mvuke ndio huwa haukosi mtu. Bi Vuta hakuwa na haja ya vitabu. Kama mizani miwili inapima gunia moja na majibu yanatofautiana, mwenye duka mmoja ni mwizi, na yeye alijijua si mwizi.

Alipoomba daftari ayaangalie majina ya wale tisa, jicho lake likatua kwenye namba ya simu aliyoijua kwa kichwa. Namba ya mdogo wake. Mwenye namba hiyo, mwanamume, mkandaji wa kiwanda cha mikate, hakupimwa mvuke upya. Daktari alitumia jibu lile la karibu miezi mitatu nyuma, kama alivyofanya kwa watu kadhaa waliopimwa karibuni na bado wanalalamika. Lakini unga alivutishwa, Jumatano iliyopita, siku Bi Vuta alipokuwa ameomba ruhusa. Na unga ulikuwa umemkamata kwenye kapsuli ya nne.

Damu ilimchemka. Alimpigia simu palepale. Shemeji alimjibu kwa utaratibu kwamba yeye aliitwa, akaitika. Kama ilikuwa vibaya kuitika, amsamehe. Bi Vuta alikata simu akiwa na picha kamili kichwani. Mwongo amekutana na mpishi wa majibu. Mmoja anataka kukaa kwenye chumba safi akifunga mikate, mwingine anataka kuwafurahisha watu wa kalamu. Kilichobaki ni kuwatia mkononi.

Akaanza uchunguzi, na uchunguzi wa Bi Vuta ulikuwa kazi ya wazi kuliko alivyodhani. Alivaa glavu akahesabu kapsuli tupu kwenye pipa la Polepole. Zilikuwa sawasawa na zilizoandikwa. Alikagua mashine ya mwenzake kwa bomba la kusukumia hewa, lita tatu kamili. Ilikuwa sahihi. Akamvizia kwenye kantini mshonaji mmoja, mama mwenye mzio wa vumbi la nguo, mmoja wa wale tisa, akamuuliza yule bwana alimwambia nini chumbani. Mshonaji alifikiri, akasema hakuambiwa kitu. "Wewe ulinitoa jasho, mama yangu. Kwa yule nilikaribia kusinzia." Bi Vuta aliandika kwenye kijitabu chake: anawasinzisha. Akapigia mstari.

Daktari naye hakuwa amelala. Aliamuru wale tisa wapimwe tena kwa mvuke, mvuke uleule, chupa zilezile, ila safari hii aendeshe Polepole. Wanane walipimwa, mvuke ukawakamata saba. Watu saba ambao Bi Vuta alikuwa amewaandika wazima kwa mkono wake, wameshikwa na mvuke wake mwenyewe katika chumba cha mtu mwingine. Ikawa si unga tena. Ni yule mtu.

Siku alipopimwa wa mwisho kati ya hao wanane, Bi Vuta alijifungia kwenye stoo ndogo iliyopo kati ya vyumba viwili, akasimama baina ya maboksi ya karatasi na ndoo za usafi, akaweka sikio kwenye mbao. Alisubiri kusikia maneno ya siri, au ahadi, au angalau kicheko. Alisikia mashine ikiunguruma. Alisikia mtu akipumua. Baada ya hapo, kimya. Dakika mbili nzima hakuna neno, kisha sauti ya chini ya Polepole, "Haya, sasa vuta ujaze kifua, upulize kwa nguvu," mpulizo, halafu kimya tena. Alitoka stoo na utando wa buibui kichwani, na shaka yake imenenepa. Chumba cha kupimia pumzi kisicho na sauti kina lake jambo. Huenda anawaonyesha kwa ishara.

Akaenda moja kwa moja kwa daktari, na Polepole akaitwa. Bi Vuta hakuzunguka. Alisema mbele ya wote wawili kwamba majibu yale yamepikwa, kwamba mmoja wa wale tisa ni shemeji yake, anamjua nje ndani, ni mzima wa afya na mvivu wa kuzaliwa, na kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Alisema mengi, hata la mwenye duka mwizi. Polepole alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, shingo imemsimama. Alikuwa ameumia, na ilionekana.

"Dada, shemeji yako ndiye bado," alisema. "Anakuja kesho saa tatu. Njoo ukae humo humo chumbani, uangalie kila kitu. Mimi naomba sharti moja tu. Usiseme hata neno."

Daktari alikubali kabla Bi Vuta hajafungua mdomo.

Asubuhi ile alikaa kwenye kiti kando ya mlango, mkoba mapajani, macho kama ya askari wa forodha. Shemeji aliingia na kofia yake ya kazi mkononi. Alipomwona alisita, akamwamkia, akakaa alipoonyeshwa. Alikuwa amekonda. Bi Vuta aliliona hilo, akalikataa. Watu hukonda kwa mawazo, na mwongo ana mawazo mengi. Polepole alimbana pua kwa kibanio, akampa mrija mdomoni, akamtaka apulize kwanza bila dawa. Lita tatu na nukta sita. Bi Vuta aliinuka akasoma mwenyewe, akarudi kukaa. Hakuna hila.

Mvuke wa kwanza ukawashwa. Shemeji aliweka mrija mdomoni, akamtazama Bi Vuta. Hakuna aliyesema kitu, lakini mabega yake yakaanza kupanda. Yalipanda mpaka karibu na masikio, kifua kikajaa, akaishikilia ile pumzi, macho kwake, akingoja. Na Bi Vuta, kule kwenye kiti, akajikuta mdomo wake uko wazi, ulimi umekaa tayari, na mkono wake wa kulia umeinuka hewani unamvuta kama mtu anayevuta kamba kisimani. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Polepole alizima mashine.

"Kaka, usimwangalie dada," alisema kwa upole. "Tazama dirishani. Usivute. Pumua tu, kama mtu anayengoja foleni. Hapa hatutafuti nguvu."

Akaanza upya. Shemeji aligeuza uso dirishani, ambako fundi alikuwa akipaka rangi uzio, na taratibu mabega yakashuka. Alipumua pumzi fupi, za kawaida, za mtu anayeangalia kazi ya mwenzake. Dakika mbili. Akapuliza: tatu na nukta tano. Kiwango cha pili, dakika mbili nyingine za kimya, tatu na nukta tatu. Bi Vuta alikuwa ameushika mkoba kwa mikono yote miwili. Ndani ya dakika ya pili ya kiwango cha tatu akakisikia. Filimbi. Nyembamba, inayotoka kifuani, ile ambayo alikuwa amewafundisha wauguzi kuisikiliza na ambayo hakuna binadamu anayeweza kuiigiza mbele yake. Shemeji alipuliza, akashindwa kumaliza, akainama. Mbili na nukta saba.

Kipimo kilikwisha hapo. Kabla Polepole hajaifikia meza, Bi Vuta alikuwa ameshaishika pampu ya dawa ya kufungua, ameitikisa, ameiweka mdomoni mwa shemeji yake. Hii ilikuwa pumzi ya kuvutwa kweli, na alipaswa kumwambia avute. Sauti haikutoka. Alimwonyesha kwa kidole, shemeji akavuta, na wote watatu wakakaa kusikiliza ile filimbi ikipungua.

Alipoweza kuuliza, Bi Vuta alimuuliza Polepole swali la kazi, maana maswali mengine hakuwa na uso wa kuyauliza. Polepole alimfungulia ukurasa wa nne wa karatasi za daktari, ule aliokuwa ameutilia sahihi bila kuuona. Wakati wa kuvuta mvuke mtu apumue kwa utulivu, pumzi fupi za kawaida. Asijaze kifua. Pumzi ndefu huzinyoosha njia za hewa, kama mtu anavyojinyoosha mgongo uliokaza, na kwa mwenye pumu isiyo kali kujinyoosha huko kunatosha kuficha ugonjwa wote. Kujaza kifua ni kwa mpulizo peke yake. Unga nao haukuwa na shida hiyo, hata ukivutwa kwa pumzi ndefu, ndiyo maana ulikuwa unawaona wale aliowapitisha yeye. Polepole aliyasema hayo kama anavyosema yote, mpaka Bi Vuta akalazimika kumsogelea ili asikie, na hakuongeza lolote juu ya mwenye duka mwizi.

Basi nyani alikuwa hajaona kundule. Miaka sita alikuwa akiwasimamia wagonjwa kwa juhudi, kwa uaminifu, kwa sauti inayofika getini, na kila alipowaambia vuta mpaka mwisho alikuwa akiwanyoosha kwanza ndipo anawapima. Hakuna aliyemdanganya. Na Jumapili ile, Jumapili iliyomtia shaka, alipoitazama sasa ilimjibu bila kuulizwa: Jumapili kiwanda kimefungwa, hakuna unga. Kifua kilikuwa kinapumzika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo. Yeye aliona uvivu.

Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Alimwomba Polepole msamaha palepale, mbele ya shemeji, bila kupunguza neno, na Polepole akasema yamekwisha, dada, ingawa haikusikika kama yamekwisha. Kwa shemeji alishindwa. Alisema tu kwamba atakuja nyumbani saa kumi, na asiende kazini leo.

Barua ya kiwanda iliandikwa kabla ya saa sita. Daktari, kwa ungwana wake, aliandika kuwa majibu ya awali hayakuwa ya uhakika. Bi Vuta alikata mstari huo. Aliandika chini yake kwamba mpimaji alikosea namna ya kupima, kwamba mpimaji ni yeye, na kwamba mgonjwa huyu ana pumu na asirudishwe kwenye unga hata siku moja. Kisha akafungua kabati la mafaili na kuanza kutoa yote ya mvuke yaliyoandikwa "mzima" tangu miaka sita nyuma, moja moja, akiyapanga sakafuni kwa kuwa meza haikutosha. Wote hao wangeitwa tena. Angewapigia simu yeye mwenyewe.

Saa kumi alikuwa sebuleni kwa mdogo wake. Chai ilimiminwa, hakuigusa. Shemeji alikaa pembeni karibu na mlango wa nyuma, kama mgeni.

"Mume wako haongopi," Bi Vuta alimwambia mdogo wake. "Ni mgonjwa. Alikuwa mgonjwa siku ile nilipokuambia ni mzima. Nilikosea mimi, wala si mashine."

Mdogo wake alimtazama yeye, akamtazama mumewe, akarudi kwake. Alitaka kujua inawezekanaje, maana kama ni ugonjwa, mbona miezi miwili hii hajakohoa ndani ya nyumba? Aliuliza kwa nia njema, swali la mtu anayehesabu vyombo vyake. Shemeji aliangalia sakafu. Alifungua mdomo ajibu, na badala ya jibu kikaja kile kitu chenyewe, mabaki ya mvuke wa asubuhi, kikimpanda kifuani. Akaufunga mdomo. Alisimama haraka, akachukua ndoo iliyokuwa karibu na mlango, akalikamata komeo kwenda nje kwenye tangi.

Maji yalimwagika mguuni mwake. Ndoo ilikuwa imejaa.

Mdogo wake Bi Vuta aliitazama ile ndoo, akautazama mlango wa nyuma, na kule nyuma lilipo tangi na bomba lake ambalo likifunguliwa linapiga kelele mtaa mzima unasikia. Jioni sitini alikuwa amelisikia bomba lile, akamshukuru Mungu kwa mume mchapakazi. Mficha maradhi, wanasema, kilio humfichua. Huyu alikuwa ameficha ya kwake chini ya kelele za maji ya bomba, kwa sababu ndani ya nyumba yake mwenyewe kikohozi kilikuwa kimepigwa marufuku kwa cheti.

Alinyanyuka, akamnyang'anya mumewe ile ndoo, akaiweka chini.

"Kaa," alimwambia. "Kohoa hapa hapa."

Shemeji alimgeukia Bi Vuta, mkono kifuani, mabega yamepanda kama alivyofunzwa, akingoja kama asubuhi ile, kana kwamba hata hili lilihitaji ruhusa yake. Bi Vuta aliinamisha kichwa. Basi akakohoa. Alikohoa muda mrefu, kwa sauti, katikati ya sebule, huku mkewe akimsugua mgongo na chai ikipoa mezani, na Bi Vuta alikaa akasikiliza kila kikohozi mpaka cha mwisho, bila kusema neno.